Kungoja Zamu Katika Nchi Mbili

Nilizaliwa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, nikaolewa Mbooni, juu ya Kikima, kwa hiyo nilianza kulinganisha nchi kabla sijavuka mpaka wowote. Kyuso tulikuwa na mbuzi, ndengu na nafasi ya kutupa macho, ila maji tuliyachimba kwenye mchanga wa mto. Mbooni maji yalikuwepo, na mahindi mabichi, na ukungu uliofika hadi jikoni, lakini shamba lilikuwa limeinama kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka unakifuata hadi kwa jirani. Nikiwa Mbooni niliisifu Kyuso. Nikienda Kyuso kusalimia, siku ya tatu nilianza kuutamani ukungu. Mama yangu mzazi alisema nilizaliwa na miguu inayowasha, na hakusema hivyo kwa kunisifu.

Kilichonichosha kabisa huko Mbooni ni mwethya. Hilo ni kundi la kazi la wake wa mtaa mmoja. Kila Jumatatu na Alhamisi tulibeba majembe tukaenda shamba la mmoja wetu kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo unachimba ukikata mteremko na kurusha udongo upande wa juu, ili mvua isiuchukue. Leo kwako, Alhamisi kwa jirani, mpaka nyumba zote ziishe na zamu ianze upya. Mwenye shamba alipika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa. Mwenyekiti alikuwa na filimbi. Aliyekosa bila sababu alitozwa jogoo, na aliyezidi kukosa alifutwa, shamba lake likaachiwa mvua. Sababu zilizokubaliwa ni kuzaa na kufiwa. Homa ilijadiliwa kwanza.

Tulipomaliza kazi ya siku, kabla ya mtu kufuta jembe, mmoja wetu aliuliza, "Ijayo ni kwa nani?" na mwenye zamu akajibu, "Kwangu." Mgeni hakuuliza swali hilo hata kama amechimba kutwa. Anayeuliza amejifunga kuja. Mimi nililiuliza kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa akinitazama, na kila mara nilipolitamka niliona miaka yangu yote imepangwa mbele yangu, Jumatatu na Alhamisi, Jumatatu na Alhamisi, mgongo umepinda.

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe, mtu mpole, asiye na maneno mengi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alisikia kwamba Tanzania wanajenga shule na zahanati vijijini na mafundi hawatoshi. Alinieleza habari hiyo tukiwa tunakula, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo kichwani. Tulikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine njiani. Tukamwambia mama mkwe kwamba ni mwaka mmoja tu.

"Na mwethya?" akauliza. Hakuuliza habari ya mwanawe wala ya mjukuu.

"Mwaka mmoja tu, mwaitu," nikamwambia. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama.

"Basi mimi nitaendanga badala yako. Lakini usikae sana. Hii mgongo si ya msichana."

Tulishuka barabara ya Mombasa, tukapanda basi hadi Voi, kisha Taveta, kisha Moshi, na kutoka Moshi ikawa mwendo wa nusu siku hadi kijiji kimoja cha tambarare. Nilipoona ardhi imelala chali, bila mteremko hata wa kuviringisha tikiti, nilicheka peke yangu.

Kwa mtu wa kuishi tu, nchi ile ilikuwa nzuri, nasema hivyo bila kusita. Watu walisalimiana mpaka salamu zikaisha, ndipo wakaanza tena upya. Niliwasikia wakiongea Kiswahili nikajiona kama ninayetafuna mawe. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa ukoo gani. Mume wangu walimwita "fundi" na kumkaribisha kula katika kila nyumba aliyopita, naye, ambaye Mbooni alikuwa akishindana kila siku na binamu yake mwenye duka Kikima, alianza kulala usingizi mzuri. Jioni walitufundisha watu wazima kusoma, chini ya paa la shule ambayo yeye mwenyewe aliijenga. Huko ndiko nilikojua kusoma. Kwetu nilipita karibu na shule miaka mingi nikichunga mbuzi, na hakuna aliyeniita niingie.

Kwa biashara sasa, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, tangu nikiwa mdogo. Kikima siku ya soko ningepanga vyondo vyangu chini, nibishane na wateja mpaka sauti ikauke, nirudi nyumbani nimechoka na nimefurahi. Kule niliambiwa kwa upole kwamba vyondo vipelekwe duka la ushirika, vitauzwa kwa utaratibu. Vilikaa dukani miezi. Duka lenyewe mara nyingine lilikuwa na chumvi na viberiti tu, na vyondo vyangu. Sukari ikifika, ilikuwa foleni, na sabuni foleni yake. Kwetu maduka yalijaa hadi dari na wewe unapita ukitazama tu. Sijui ni lipi linaumiza zaidi, rafu tupu au rafu iliyojaa usiyoweza kugusa. Niliwahi kumuuliza mume wangu, akasema yeye hajaona tofauti kwa kuwa havuti sigara.

Halafu kulikuwa na shamba la kijiji. Kila Jumamosi nyumba zote zilitoa mtu na jembe. Siku ya kwanza nilipoona watu wamejipanga, wanaimba, kiongozi yuko mbele, moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nikajisemea, kumbe hata hawa wana mwethya. Nilichimba kama ninayetazamwa na mama mkwe. Niliwazidi wanaume wawili waliokuwa kando yangu, nao wakanitazama kwa huruma kidogo. Tulipomaliza nikapaza sauti, "Ijayo ni kwa nani?"

Walitazamana. Mama mmoja akanijibu kwa adabu, "Ijayo ni hapahapa, dada."

Nikafikiri shamba hilo ni kubwa, tutalimaliza kwanza, ndipo tuanze kuzunguka. Wiki baada ya wiki nilichimba nikihesabu nyumba. Nyumba yetu ilikuwa ya tisa kutoka barabarani. Nilikuwa na kipande changu nyuma ya nyumba, kigumu, kimejaa mizizi, na sikukigusa, maana kwetu ukichimba shamba lako peke yako wakati zamu yako inakuja ni kama kuwaambia wenzako huwaamini. Tulipofika mwisho wa shamba la kijiji tukarudi mwanzo kupalilia, nami nikachukulia kwamba sasa kila Jumamosi inahesabiwa nyumba moja, nikahesabu wiki tisa. Jumamosi ya tisa sikwenda. Niliamka alfajiri nikapika isyo, sufuria niliyoazima. Nikafagia uwanja. Nikapanga sahani na bakuli nilizokopa nyumba tatu. Nikakaa.

Jua lilipanda mpaka katikati. Chakula kilipoa, nikakipasha moto, kikapoa tena. Karibu alasiri alikuja balozi wetu, yaani kiongozi wa nyumba kumi, mzee mwembamba aliyevaa kofia hata wakati wa masika. Alikuja kuuliza kama naumwa, kwa kuwa sikuonekana kazini.

"Mmechelewa," nikamwambia.

"Tumechelewa wapi, mama?"

"Hapa. Leo ni kwangu. Mimi nimechimba kwa wote, sijakosa hata siku moja."

Alitazama sufuria, akatazama bakuli, akavua kofia. Nilimwona akielewa kidogo kidogo. Akanieleza polepole kwamba lile shamba ni la wote, na mazao yake ni ya wote, lakini la mtu binafsi analima mwenyewe na watu wake. Hakuna kuzunguka. Nilikasirika mpaka nikakosa Kiswahili, nikamjibu kwa Kikamba maneno ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa. Zaidi ya hasira niliona aibu. Nilikuwa nimekaa kutwa nzima mlangoni kama bibi harusi asiye na harusi.

Balozi alikaa chini, akala bakuli mbili. Akatuma mkewe aitwe, naye akala. Kisha mzee huyo akachukua jembe langu, mkewe akaenda kuchukua lake, na tukachimba kile kipande chenye mizizi, sisi watatu, mpaka giza likaanza kuingia. Hawakuniambia ni kwa nini. Alipoondoka alisema tu kwamba isyo yangu ilihitaji chumvi zaidi.

Mwaka mmoja ukawa miaka minne na zaidi. Mtoto wa pili alizaliwa huko na kusalimia watu wazima "shikamoo" bila kusukumwa. Mimi miguu ilikuwa ikiwasha tena. Nilihesabu makosa ya kijiji kile kila asubuhi, na nilipomaliza nilianza kuhesabu ya kwetu, nisije nikaonekana mjinga.

Ndipo ilipokuja barua ya mama mkwe, iliyoandikwa na mwalimu wa Sunday School. Nilijisomea mwenyewe. Watu wa kupima mashamba walikuwa wanapanda kutoka Kikima, ukoo kwa ukoo, na kila mwenye shamba alitakiwa kusimama mpakani kwake siku ya kupimwa. Binamu yule wa duka alikuwa anasema mume wangu ameshakuwa Mtanzania, kwa hiyo shamba lirudi kwa ukoo, na ukoo ni yeye. Mama alimaliza kwa kusema bado anakwenda mwethya.

Mume wangu aliisoma mara mbili. "Nimalize zahanati," akasema. "Nitakwenda Krismasi."

"Krismasi watakuwa wameshapanda mkonge wa mpaka."

"Hapa tunaishi vizuri."

"Unaishi vizuri wewe."

Tuligombana siku mbili, au mimi niligombana, naye akachanganya saruji. Siku ya tatu nilikwenda kwa balozi kuomba barua ya ruhusa ya safari. Nikangoja basi siku mbili nyingine, kwa kuwa dizeli haikuwepo, na abiria wote tulipika pamoja kando ya barabara, na hakuna aliyepoteza hata kijiko. Nilipofika upande wa Kenya, wapiga debe wa mabasi matatu walinipigania. Kwa dakika chache mizigo yangu ilikuwa kwenye basi moja, mtoto mmoja kwenye la pili, na mimi nimeshikwa mkono mlangoni mwa la tatu. Nilifika kwetu siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyokuwa kusafiri katika nchi hizo mbili, kule unafika mzima baada ya wiki, huku unafika leo ukiwa vipande.

Nilipoondoka na watoto wote wawili nilikuwa nimemwambia mume wangu ni mwezi mmoja.

Siku ya kupima walikuja wazee wa kamati, ofisa mwenye karatasi, na vijana wa kuvuta mnyororo. Binamu alikuwa amevaa koti. Ofisa aliuliza mwenye shamba yuko wapi.

"Ni mimi," nikasema.

Wazee walicheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama wanavyocheka watu waliosikia jambo lisilo na haja ya kujibiwa. Ofisa akaniambia anataka mwanamume. Mama mkwe akasema yupo, anafanya kazi. Binamu akasema yupo wapi, aonekane. Wakati wanabishana niliitazama karatasi mkononi mwa ofisa. Ilikuwa imegeuzwa upande wake, nami nikaisoma kichwa chini. Kwenye mstari wa shamba letu jina la binamu lilikuwa limeshaandikwa kwa penseli.

Nililisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, jinsi tulivyofundishwa chini ya lile paa. Ofisa alifunika karatasi kwa mkono. Alisema ni ya muda tu, hakuna aliyeonyesha kwamba shamba lina mwenyewe. Hakuna aliyecheka tena.

Wakati huo mwenyekiti wa mwethya alikuwa amesimama juu ya mteremko. Sijui nani alimwita, nadhani ni mama mkwe. Akapuliza filimbi. Wanawake wakateremka na majembe, kila mmoja akasimama kwenye mtaro, mstari juu ya mstari, mpaka shamba likajaa watu. Ofisa akauliza hawa ni nani.

"Sisi ndio tulichimba," mwenyekiti akasema. "Hii ya juu tulichimba kabla huyu aende. Hizi nne, hapo katikati, tulichimba akiwa Tanzania, na huyu mama mzee akikuja kila siku badala yake. Kila mtu hapa anaweza kukuonyesha mahali yake. Kwa huyo wa koti hatujawahi kula isyo."

Mzee wa kamati alimtazama mama mkwe wangu, aliyekuwa ameegemea jembe lililobaki nusu kwa kuliwa na mawe. Akamwambia ofisa afute penseli. Shamba likaandikwa jina la mume wangu. Nilisimama hapo nikifurahi, na furaha yenyewe ikanikasirisha, kwa sababu jina lililoandikwa ni la yule aliyebaki akichanganya saruji. Nilikuwa nimengoja zamu yangu mlangoni katika nchi nyingine, na huku walikuwa wameshanipa mara nne bila mimi kujua.

Wiki iliyofuata redio ya jirani ilisema mpaka umefungwa.

Ulifungwa miaka karibu saba. Barua zilipita mara chache, mkononi mwa watu waliojua njia za mguu, na zilikuja zimekunjwa mpaka maneno ya katikati yamefutika. Aliandika kwamba zahanati imekwisha. Aliandika kwamba wamempa kiwanja. Hakuandika kwamba anakuja. Nami sikuandika kwamba naenda, maana cheti cha shamba kilikuwa hakijatoka na binamu alikuwa bado na koti. Chini ya kitanda nilikuwa na sanduku la bati, limefungwa tayari, khanga zangu, nguo za watoto. Watoto walikua, nguo zikawa ndogo, nikatoa nikaweka kubwa. Kila Jumatatu na Alhamisi nilichimba, na kila nilipochimba niliwaeleza wenzangu jinsi Tanzania watu wanavyoheshimiana, jinsi mtu anavyokaribishwa, mpaka mmoja akaniambia, "Si urudi basi." Wote wakacheka. Wakati wa kuuliza zamu niliinama kufunga kiatu.

Mwaka wa tano mama mkwe alifariki. Tulimzika kando ya mtaro wa juu. Niliandika barua mbili, nikazituma kwa njia mbili.

Mpaka ulipofunguliwa nilitoa sanduku nje nikalipangusa. Kabla sijapata nauli, mume wangu akafika. Alisimama langoni akipiga hodi, tena na tena, akingoja kukaribishwa kama walivyo watu wa kule.

"Hapa ni kwako," nikamwambia. "Hodi ni ya nini?"

Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Sikumkimbilia. Nilikuwa nimempenda na kumlaumu kwa muda mrefu mno, hata sikujua nianze na lipi. Aliwasalimia watoto, wakamwamkia kama mgeni. Kisha akauliza mama yuko wapi, nikajua kwamba barua zote mbili hazikufika.

Nilimpeleka juu. Alikaa chini karibu na kaburi mpaka jua likahama. Aliporudi alikula kidogo, akasema, "Kule nyumba nimeifikisha kwenye linta, juu ya madirisha. Bado paa. Nimekuja kuwaona, halafu tuone." Hayo maneno, halafu tuone, niliyageuzageuza siku nne nzima. Kama amekuja kutuchukua, shamba lingebaki na nani? Na kama amekuja kuaga, sanduku langu lilikuwa la nini? Sikumuuliza, na yeye si mtu wa kusema bila kuulizwa.

Jumatatu ilikuwa zamu yetu. Wanawake walipofika, alitoka jikoni ameshika jembe la mama yake. Alisalimia kila mmoja kwa zamu, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, mpaka mwenyekiti akatishia kupuliza filimbi masikioni mwake.

"Shemeji," mmoja akamwambia, "huko Tanzania wanaume huchimbanga?"

"Huchimba," akasema. "Polepole."

Alichimba polepole kweli, lakini hakupumzika. Mtaro wake ulikuwa umenyooka kama ukuta. Tulikula isyo. Jua liliposhuka na watu wakaanza kunyoosha migongo, kulikuwa na ule ukimya mfupi ambao huja kabla ya swali, na mimi niliinama kufunga kiatu kama kawaida yangu.

"Ijayo ni kwa nani?" mume wangu akauliza.

Alizaliwa huko. Alijua vizuri swali hilo ni la nani na si la nani.

"Kwangu," akajibu mama wa nyumba ya bondeni.

Lakini hawakuondoka. Walikuwa wananitazama mimi, wote, na nikatambua kwamba habari ya lile sanduku ilijulikana mtaa mzima, na kwamba kwa miaka yote hiyo walikuwa wakiniona ninavyofunga kiatu ambacho hakijafunguka. Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa nimeomba moyoni abaki, na alipojifunga kubaki, kitu cha kwanza nilichowaza ni ile nyumba ya kule, imefika kwenye linta, haina paa, na balozi akipita kando yake na kofia yake. Hata hapo miguu yangu haikuwa na adabu.

"Tutakuja wawili," nikasema.

Alhamisi nilifika bondeni kabla ya wote, jembe begani, miguu ikiwasha, nikasimama nikingoja niambiwe nianzie wapi.